Kwanza amua: Sie au du? Kuandika baruapepe kwa Kijerumani unapoanza

Hotuba kwa wanafunzi wa Kijerumani wa ngazi ya A1 na A2, Dar es Salaam

Waheshimiwa walimu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wanafunzi mliokuja na madaftari yenu: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi, habari za nyumbani, poleni na foleni. Itifaki imezingatiwa.

Mmeona nimesema maneno mangapi kabla ya kugusa jambo lililonileta hapa? Kwetu hiyo ndiyo adabu. Mtu akiingia na shida yake mkononi bila salamu tunamtazama mara mbili. Basi naomba mjue mapema kwamba adabu hii hii ndiyo itakayowaangusha siku mtakapomwandikia baruapepe karani wa ofisi ya Kijerumani. Sarufi mtafundishwa, na mkikosea kidogo Mjerumani atawaelewa. Kinachomchanganya ni heshima iliyokaa mahali ambapo yeye haitafuti, na kukosekana pale anapoitafuta.

Kila mmoja hapa ana sababu yake ya kujifunza. Yupo anayetaka kwenda kuwa au pair, yaani kuishi na familia huko na kuwasaidia kulea watoto, yupo anayeomba Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi, yupo anayemfuata mume au mke na ameambiwa alete cheti cha A1, ngazi ya kwanza kabisa. Wenzetu wa Kenya wameongezeka madarasani, hasa tangu serikali yao na ya Ujerumani ziliposaini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin Septemba 2024. Sababu zinatofautiana, lakini wote mtapita mlango mmoja: kabla Mjerumani hajawaona sura wala kuwasikia sauti, atakuwa amesoma baruapepe yenu.

Hata mtihani unalijua hilo. Kwenye A1 ya Goethe-Institut, sehemu ya pili ya kuandika inakupa hoja tatu, nawe uandike kama maneno 30. Dakika 20 ndizo zako kwa kazi hiyo pamoja na kujaza fomu. Kwenye A2 unaandika ujumbe mfupi kwa rafiki, maneno 20 hadi 30, kisha baruapepe ya heshima kidogo, maneno 30 hadi 40. Ukifika B1 kazi ni tatu kwa saa nzima: baruapepe kwa rafiki ya maneno kama 80, maoni yako ya maneno kama 80, na ombi fupi la kistaarabu la maneno kama 40. Angalieni hilo la mwisho. Ombi la heshima ndilo fupi kuliko yote, na halikupangwa hivyo kwa bahati.

Sasa tuingie ndani. Kabla hujaandika herufi moja, amua: huyu ninayemwandikia ni Sie, yaani "wewe" ya heshima, au ni du, "wewe" ya mtu wa karibu? Kiswahili hakikulazimishi kuamua. Unamwambia rais "wewe" na unamwambia mdogo wako "wewe", na heshima unaiweka kwenye shikamoo, kwenye "mheshimiwa", kwenye sauti. Kijerumani kinaiweka heshima ndani ya kiwakilishi chenyewe, na kiwakilishi kinaburuta kitenzi, kinaburuta "yako", kinaburuta salamu ya kwanza na ya mwisho. Ukichagua Sie, basi ni Ihnen na Ihr mpaka mstari wa mwisho. Ukichagua du, ni dir na dein mpaka mwisho. Hakuna kuchanganya.

Hapa ndipo programu za kutafsiri zinapowaumbua watu. Unaandika kwa Kiswahili "naomba unitumie fomu, na kama una swali niambie", programu inachagua yenyewe: sentensi ya kwanza inaweka Sie, ya pili inaweka du. Haina kosa kubwa, kwa sababu kwenye "unitumie" hakuna alama yoyote ya kuiambia nani anaambiwa. Lakini msomaji wa upande wa pili anaona mtu aliyeanza na suti akamaliza na kaptula. Tumieni programu mkitaka, mimi sitawakamata, ila mpitie kila "du" na kila "Sie" kwa kidole.

Nani basi ni Sie? Ofisi yoyote, shule unayoiomba nafasi, mwajiri, daktari, mwenye nyumba, balozi, na mtu mzima yeyote usiyemjua. Nani ni du? Rafiki, ndugu, mtoto, mwanafunzi mwenzako. Familia ya au pair kwa kawaida nayo huwa du, na mara nyingi wao ndio wanaanza. Ukiwa na shaka, Sie. Hakuna aliyewahi kukosa kazi kwa sababu ya Sie. Na kutoka Sie kwenda du, mkubwa kwa umri au kwa cheo ndiye anayefungua mlango, atakuandikia kitu kama "Wollen wir uns duzen?", yaani tuitane du? Wewe mdogo usimtangulie. Kuna kampuni siku hizi zinatangaza kazi kwa du tangu mstari wa kwanza. Hapo unaweza kuwajibu kwa du na hakuna atakayekushangaa.

Sie hiyo ya heshima ina herufi kubwa, na Ihnen na Ihr vilevile, popote zilipo katika sentensi. Hili si pambo. "Sie" ya herufi kubwa ni wewe mheshimiwa. Ile ya herufi ndogo, "sie", ni yeye wa kike, au wao. Ukiandika "Können sie mir helfen?" umeuliza kama wao wanaweza kukusaidia, na karani atajiuliza ni akina nani hao. Kuhusu du, mageuzi ya tahajia ya mwaka 1996 yalitaka iandikwe kwa herufi ndogo hata kwenye barua, kisha mwaka 2006 ikaruhusiwa tena kuandikwa Du kwa herufi kubwa kwenye barua ukipenda. Kwa hiyo mkiona wazee wanaandika Du na vijana wanaandika du, wote wako sawa. Shikeni moja tu.

Tumeshaamua. Tuje kwenye salamu ya kuanzia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapotumia wino mwekundu mwingi.

Kama humjui jina: Sehr geehrte Damen und Herren, yaani waheshimiwa mabibi na mabwana. Kama unamjua na ni mwanamke: Sehr geehrte Frau Becker. Kama ni mwanamume: Sehr geehrter Herr Becker. Tazameni mwisho wa neno la pili. Geehrte kwa mama, geehrter kwa baba. Herufi moja, r, na nimeona barua nzuri kabisa zinaanza na "Sehr geehrte Herr". Ni sawa na mtu kuandika "Mheshimiwa" akakosea kwenye "Mh". Kila kitu kinachofuata kinasomwa kwa jicho jingine.

Halafu Frau na Herr hufuatwa na jina la ukoo. Hapa Kiswahili chetu kinatuvuta upande mwingine. Sisi tunasema Bi Asha, Bwana Juma, Mwalimu Rehema, Mama Anna, na ni heshima tupu. Mkono ukizoea hivyo unaandika "Sehr geehrte Frau Sabine", na Mjerumani anasikia kitu cha ajabu, nusu kikiwa ofisini na nusu kikiwa barazani. Ama Frau Becker, ama Sabine. Frau Sabine watamwita watoto wa chekechea.

Mwenye udaktari wa kitaaluma utamwandikia Sehr geehrter Herr Dr. Weber. Profesa huandikwa Sehr geehrte Frau Professorin Klein, na hapo Dr. unaiacha, cheo cha juu kinatosha. Austria wanapenda vyeo zaidi. Huko hata mwenye shahada ya Magister anaweza kuitwa kwa cheo chake. Fräulein, neno la zamani la kumwita mwanamke asiyeolewa, muisahau kabisa, hata kama mmeikuta kwenye kitabu cha babu. Mwaka 1972 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani Magharibi iliagiza ofisi zake ziache kuitumia, na leo msichana wa miaka kumi na minane ni Frau sawa na bibi yake.

Ukiona jina na hujui ni la mwanamke au mwanamume, andika Guten Tag kisha jina kamili: Guten Tag Kim Becker. Haina makosa na haimkwazi mtu.

Na ninyi je? Wao nao hawajui kama Neema ni mwanamke au Baraka ni mwanamume. Msishangae kuona mmeandikiwa "Sehr geehrter Herr Mushi" ilhali ninyi ni dada wa watu. Wekeni neno Frau au Herr kwenye mabano baada ya jina lenu mwishoni, watashukuru. Jambo jingine ni majina yetu matatu. Mjerumani anatafuta Vorname na Nachname, jina la kwanza na la ukoo, na akikuta matatu huchukua la mwisho kuwa la ukoo. Andikeni kama yalivyo kwenye pasipoti, kila mara, kwa mpangilio uleule. Leo ukijiita Neema Elias na kesho Neema Mushi, kwenye kabati lao wewe ni watu wawili.

Baada ya salamu panakuja mkato, mstari unaachwa wazi, na sentensi inayofuata inaanza na herufi ndogo. Ndiyo, ndogo. Kwao mkato haujamaliza sentensi, kwa hiyo "ich" inabaki "ich". Isipokuwa neno la kwanza likiwa nomino au Sie ya heshima, hapo herufi kubwa inabaki. Uswisi mara nyingi hawaweki mkato na wanaanza na herufi kubwa. Ukiandikia Zürich usiogope ukikutana nayo.

Sasa ile sentensi ya kwanza. Mkono wako unataka kuandika "Wie geht es Ihnen? Ich hoffe, es geht Ihnen und Ihrer Familie gut." Yaani habari zako, natumaini wewe na familia hamjambo. Uzuie. Frau Becker wa ofisi ya wageni hakujui, hajakuambia ana familia, na ana barua nyingine nyingi mbele yake. Kwake heshima ni kumwonyesha mapema unataka nini. Vivyo hivyo na Bwana asifiwe, na "my dear" mnayoibeba kutoka Kiingereza: "Mein lieber Herr" kwa Mjerumani ni mwanzo wa kumkaripia mtu.

Hata sisi, tukisema kweli, tunalijua hili kwenye barua za kiofisi. Nani hapa hajaandika "YAH: KUOMBA NAFASI YA KAZI", kisha "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu", na mwisho "Wako katika ujenzi wa taifa"? Hizo ni fomula, hatuzitungi upya kila siku. Kijerumani nacho kina zake, na ni chache. Tofauti ni kwamba YAH ya kwao, ile Betreff, inakaa kwenye kisanduku chake juu ya baruapepe na hairudiwi ndani. Wala usiandike neno lenyewe "Betreff", kisanduku kimeshasema. Andika jambo: "Anfrage zum Deutschkurs A2". Kama ofisi ilishakupa namba, ile wanayoiita Aktenzeichen, ambayo ni sawa na Kumb. Na. ya kwetu, iweke hapohapo. Ukiandikia ofisi ya wageni ongeza jina na tarehe ya kuzaliwa, na tarehe huanza na siku: 12.04.1999.

Tazameni mfano mzima.

Sehr geehrte Damen und Herren,

ich heiße Neema Mushi und wohne in Moshi. Ich interessiere mich für den Deutschkurs A2 im September. Wann beginnt der Kurs und wie viel kostet er? Könnten Sie mir bitte auch das Anmeldeformular schicken?

Vielen Dank im Voraus.

Mit freundlichen Grüßen
Neema Mushi (Frau)

Basi. Mimi ni nani, nataka nini, maswali mawili, ombi moja, asante. Mwanafunzi wa A1 anaiweza hii. Wengi wenu mnadhani ufupi ni ujeuri, mnaongeza sentensi mpaka mnaingia kwenye sarufi ambayo bado hamjafundishwa, na huko ndiko makosa yanakozaliwa. Andika unachokiweza.

Kwenye ombi lile nimetumia Könnten, sikutumia Ich will. Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia, hasa cha Pwani na Bara letu: dukani husemi "nataka sukari", unasema "naomba sukari". Kila unapotaka kuandika "naomba", andika Könnten Sie bitte, au Ich möchte bitte. Swali? Ich hätte eine Frage. "Ich will einen Termin" ni sarufi safi kabisa, na inasikika kama mtu anayegonga meza. Kwa kughairi miadi kuna sentensi moja ya kukariri kama ilivyo: "Leider kann ich den Termin am 12. Mai um 14:30 Uhr nicht wahrnehmen." Na ukishaghairi usiondoke, omba nyingine: "Könnten wir bitte einen neuen Termin vereinbaren?"

Nimeandika 14:30 kwa makusudi. Msijaribu kuandika saa kwa maneno mkiwa wapya. "Halb drei" ni saa nane na nusu mchana, maana wao wanahesabu nusu kuelekea saa tatu yao, siyo nusu baada yake. Ongeza na saa zetu za Kiswahili zinazoanza kuhesabiwa alfajiri, na mtu atafika kwenye usaili wakati wenzake wanakula chakula cha jioni. Tarakimu haziongopi.

Salamu ya mwisho ni rahisi. Ofisini: Mit freundlichen Grüßen, na baada yake hakuna mkato wala nukta, unashuka mstari na kuandika jina. Wakishakuzoea watakuandikia Viele Grüße au Beste Grüße, nawe unaweza kuwarudishia. Kifupisho cha MfG kipo, ila kwenye maombi ya kazi kinaonekana kama mtu aliyekuwa na haraka. Uswisi hawatumii ß, kwa hiyo kwao ni Grüsse. Kama simu au kompyuta yako haina ß wala herufi zenye nukta juu, ä, ö na ü, andika ae, oe, ue na ss: Gruesse inaeleweka na inakubalika. Kuziondoa nukta tu na kusonga mbele haikubaliki, kwa sababu schon ni "tayari" na schön ni "nzuri". Kwenye simu, bonyeza herufi u bila kuachia, ü itajitokeza.

Tukigeukia du, hapa mrudishiwe uhuru wenu. Salamu zote mlizozibana zinapata nafasi. Liebe Julia kwa dada, Lieber Peter kwa kaka, ile r imerudi tena. Au Hallo kwa yeyote. Uliza Wie geht's dir?, uliza habari za mama yake, simulia mvua. Mfano wa kukataa mwaliko, ambao mitihani inaupenda sana:

Liebe Julia,

danke für deine Einladung! Leider kann ich am Samstag nicht kommen, weil ich arbeiten muss. Hast du am Sonntag Zeit? Wir können zusammen kochen.

Liebe Grüße
Neema

Ona weil, yaani "kwa sababu", ilivyolipeleka muss mwishoni kabisa, na leider, yaani "kwa bahati mbaya", ilivyokivuta kitenzi kikakaa pale pale nyuma yake. Mambo hayo mawili, mkiyaweka sawa, mtahini anajua mnafundishwa. Na ona alichofanya Neema: amekataa, ametoa sababu moja, ameleta siku nyingine. Sisi tukikataa mwaliko huwa tunaaga kwa "nitajitahidi", na kila mtu hapa anajua maana yake. Julia hajui. Ukimwandikia "Ich versuche zu kommen" atakuwekea sahani.

Kuna hali moja ambayo vitabu vinaipita haraka nayo inawatesa watu: umeandika, hawajajibu. Usiandike kila siku, na usiandike kwa alama tatu za mshangao. Wape wiki mbili, kisha ijibu baruapepe yako mwenyewe ile ya kwanza ili waione hapo chini, na uandike:

Sehr geehrte Frau Becker,

ich beziehe mich auf meine E-Mail vom 3. März. Leider habe ich noch keine Antwort erhalten. Könnten Sie mir bitte mitteilen, ob Sie meine Unterlagen bekommen haben?

Mit freundlichen Grüßen
Neema Mushi (Frau)

Sentensi tatu, na hakuna lawama ndani yake. "Unterlagen" ni zile nyaraka zako: barua ya maombi, Lebenslauf yaani wasifu wako, vyeti. Kama ulizituma ziwe kwenye faili moja la PDF lenye jina lako, kwa sababu picha tisa za vyeti zilizopigwa kwa simu juu ya kitanda hakuna anayezifungua. Ndani ya barua ile ya kwanza uliandika "Im Anhang finden Sie meine Unterlagen", sivyo? Na kiambatisho kilikuwepo kweli? Angalieni kabla ya kumkumbusha Frau Becker, maana mara nyingine amenyamaza kwa sababu hakuona kitu cha kufungua.

Nakaribisha maswali. Mwenye simu yenye rasimu aliyoogopa kuituma, alete mbele tuisome pamoja. Jina la mpokeaji tutalifunika.